Kazi na mazoezi ya ubongo kwa wenye maradhi makali ya akili Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wagonjwa wenyewe, jamaa zao, wahudumu wa afya wa mitaani na matajiri wenye kuajiri, kuanzia Mambrui hadi Watamu. Tukisema maradhi makali tunakusudia skizofrenia, baipola (mtu hupandwa na wazimu wa furaha, kisha huzama katika huzuni), na huzuni nzito inayorudi kila mara hadi kumwangusha mtu.

Mazoezi ya ubongo ni nini hasa?

Ni mafunzo ya kuimarisha mambo ambayo maradhi haya huyadhoofisha: kuweka akili mahali pamoja, kufikiri kwa kasi ya kutosha, kukumbuka ulichoambiwa, na kupanga kazi yenye hatua nyingi. Watu huijua skizofrenia kwa sauti anazosikia mgonjwa na shaka zake juu ya majirani. Hayo dawa huyatuliza. Usahaulifu na uzito wa fikra ni jambo jingine, na dawa hazilifikii sana. Ndiyo maana mtu aweza kukaa mwaka mzima ametulia, hasikii sauti yoyote, na bado akaachishwa kazi ya mkahawani wiki ya pili kwa kuwa alitumwa vitu vitatu akarudi na kimoja.

Tajiri humwona mvivu. Nyumbani husemwa "huyu hasikii". Kumbe alisikia vizuri, ila hakikukaa.

Si ndiyo ile michezo ya simu ya kuchemsha bongo?

Hapana. Wataalamu wa fani hii wanakubaliana kwamba mafunzo yanayofaa yana mambo manne: mazoezi yenyewe yanayopanda ugumu kidogo kidogo, mkufunzi anayeshiriki, si wa kuwasha kompyuta na kuondoka, mbinu ambazo mwanafunzi anajifunza kuzitumia kwa makusudi, na daraja la kuvukisha mbinu hizo hadi kwenye maisha yake. Mchezo wa simu una lile la kwanza tu. Mtu atakuwa bingwa wa mchezo, na oda za wateja ataendelea kuzisahau.

Kipi kitangulie, mazoezi au kazi?

Kazi. Hapa ndipo familia nyingi na hata baadhi ya wahudumu hukosea. Wanasema apone kabisa kwanza, kisha asomee ufundi, kisha tutaona. Miaka mitano inapita "tutaona" haijafika, na mtu amesahau hata kuamka mapema.

Mfumo uliopimwa zaidi duniani wa kuwasaidia wagonjwa hawa kupata kazi na kudumu nayo unajulikana kwa herufi IPS (Individual Placement and Support). Uliasisiwa na Robert Drake na Deborah Becker huko New Hampshire, Marekani, na uligeuza mpangilio wa zamani: mtafutie kazi ya kawaida yenye malipo ya kawaida upesi, kisha mfundishe na kumshika mkono akiwa ndani ya kazi. Utafiti uliofanyika katika miji 6 ya Ulaya, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa asilimia 55 ya waliosaidiwa hivyo walipata kazi angalau ya siku moja, dhidi ya asilimia 28 ya waliopelekwa kwenye mafunzo ya kawaida.

Mazoezi ya ubongo huingia kwa wale ambao msaada huo peke yake haukuwatosha. Susan McGurk na Kim Mueser waliwachukua watu wa namna hiyo huko Marekani, wakawaongezea mafunzo ya fikra juu ya msaada wa kazi. Katika matokeo yaliyotoka 2015, asilimia 60 walipata kazi, na kwa wasioongezewa ilikuwa asilimia 36. Kazi nyingi za Malindi ni za kibarua na za msimu, kwa hiyo usizibebe tarakimu hizi kama ahadi. Kinachobebeka ni mpangilio: kazi na mazoezi viende bega kwa bega, na zoezi lichaguliwe kwa kuangalia kazi.

Nani anafaa kuanza?

Anayetaka kufanya kazi. Hakuna mtihani wa kuingia, wala hatakiwi awe amemaliza miezi fulani bila dalili. Wako wanaosikia sauti kila siku na wanachonga vinyago vinavyouzika.

Kabla ya zoezi la kwanza, tuangalie nini?

Mfuko wa dawa. Uliza kila kidonge, na hasa benzhexol, ambayo wengi huiita Artane. Hutolewa kupunguza mkakamao na mitetemo inayoletwa na dawa kama haloperidol na sindano ya fluphenazine. Kazi hiyo huifanya vizuri, lakini yenyewe hudhoofisha kumbukumbu. Wako wanaoimeza kwa miaka kwa sababu tu iliandikwa mwanzo na hakuna aliyeuliza tena. Haifai kuiacha ghafla wala peke yako. Swali la kumpelekea daktari au muuguzi wa kliniki ya akili ni hili: "Je, bado ninaihitaji, na kipimo chaweza kupunguzwa?" Mara nyingine jibu hilo moja huzidi mwezi mzima wa mazoezi.

Kisha usingizi, macho, masikio, sukari. Mtu asiyeona maandishi ya menyu si msahaulifu, anataka miwani. Halafu muguka, miraa na bhangi, na hapa uliza bila kukaripia, maana ukikaripia utadanganywa. Bhangi hupunguza kumbukumbu na kuamsha dalili. Muguka humkosesha mtu usingizi, na asiyelala hajifunzi.

Kikao kinakwendaje?

Vikao 2 kwa wiki, dakika 45 hadi 60 kila kimoja, kwa wiki 12: jumla vikao 24. Kompyuta si lazima. Vifaa ni daftari, kalamu, kadi 20 zilizokatwa kwenye boksi la katoni, na simu yenye saa ya kuhesabu dakika. Asubuhi ni bora kuliko alasiri, isipokuwa kwa anayemeza usiku dawa za akili kama olanzapine au chlorpromazine akaamka mzito. Huyo mwanzie saa nne.

Dakika 5 za kwanza ni za kuuliza: mbinu ya juzi uliitumia wapi? Dakika 30 ni za mazoezi mawili au matatu, si zaidi. Dakika 10 za mwisho ni za kuchagua mahali pamoja pa kutumia mbinu kabla ya kikao kijacho, na ziandikwe: "Kesho sokoni nitayasema kwa sauti mambo manne ya kununua kabla ya kutoka nyumbani." Vikao vingi vibaya huharibikia hapa, kwa sababu muda umekwisha na mkufunzi ana haraka.

Ugumu hupandishwa kwa hesabu. Akipata 8 katika 10, ongeza kidogo. Akishuka chini ya 6, rudi hatua moja bila kusema neno. Na akiwa hajui, usimwambie abahatishe. Mwenye kumbukumbu dhaifu akibahatisha vibaya, lile kosa ndilo litakalokaa kichwani, na kesho atalikumbuka kama jibu. Mwonyeshe jibu sahihi, alirudie, kisha mwache mwenyewe polepole.

Tupeni mifano ya mazoezi kwa kazi za hapa.

Kwa mkahawa: mkufunzi anataja oda mbili, mwanafunzi anasubiri dakika moja huku mkizungumza mambo mengine, kisha anazisema. Mkifika oda nne, weka kelele ya redio. Mkifika tano, badilisha moja katikati: "Samahani kaka, ile chai ya tangawizi iwe kahawa." Mbinu tatu hufundishwa humo: kurudia kwa sauti mbele ya mteja, kuunganisha oda na mahali alipoketi mtu, na kuandika. Kuandika si udhaifu. Wahudumu wengi wazoefu wana kijitabu mfukoni.

Kwa muuza samaki: kilo ni shilingi 450, mteja ataka kilo moja na nusu, ametoa 1,000. Jibu ni 675 na chenji 325, lakini zoezi lenyewe ni kulitoa huku mteja wa pili akiuliza bei ya pweza. Mbinu ni kusema "ngoja nimalize na huyu dada" na kushika noti mkononi mpaka chenji itoke.

Kwa mpika mahamri: kadi 9 zilizochanganywa azipange. Kuchekecha unga, kuchanganya sukari, hiliki na hamira, kumimina tui, kukanda, kuacha unga uumuke, kusukuma, kukata, kukaanga, kuhesabu na kufunga. Kisha umpe tatizo: unga haukuumuka na wateja watakuja saa kumi na mbili na nusu. Ufanye nini kwanza? Swali hilo hufundisha kupanga upya, ambako ndiko watu wengi hukwama.

Kwa msafisha vyumba wa hoteli: orodha ya picha 10 nyuma ya mlango wa stoo, chumba kimoja mara tatu kwa mpango uleule, ndipo cha pili. Usimfundishe kwa maneno "safisha vizuri". Vizuri ni nini?

Bao nalo lina nafasi yake, kwa kuwa humtaka mchezaji aone mbele mitupo miwili mitatu. Lakini ukimaliza mchezo bila kuuliza "ulijuaje uanzie shimo lile, na kazini utafikiri hivyo wapi?", mmecheza bao tu.

Kutafuta kazi kunaanza vipi?

Mazungumzo mawili kwanza: amewahi kufanya nini, anapenda nini, nini kilimfukuzisha. Usimpangie wewe. Anayechukia harufu ya samaki hatadumu ufukweni hata kama kazi ipo tele. Ndani ya siku 30 tangu siku ya kwanza, yeye au mshauri wake wa kazi, yaani mhudumu anayemsaidia kuitafuta na kudumu nayo, awe ameshaonana uso kwa uso na mwajiri mmoja. Mshauri mzuri hahudumii zaidi ya watu 20 kwa wakati mmoja, na hufika kwa waajiri 6 hivi kila wiki.

Mwajiri haendewi mara moja na ombi. Anaendewa mara tatu. Ya kwanza ni salamu na kuomba miadi: "Shikamoo mzee, sikuja kuomba kitu leo, nataka kujua ni lini utakuwa na dakika 20." Ya pili ni kumsikiliza: anahitaji watu wa aina gani, nini kinamsumbua kwa walioondoka, saa za haraka ni zipi. Ya tatu ndiyo ya kumleta mtu anayelingana na alichosema. Ukirukia ya tatu utapewa huruma. Huruma hutoa kazi ya wiki moja.

Angalieni majira. Aprili hadi Juni, masika yakiwa yameshika, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa, na bahari ya kusi huwapunguzia wavuvi wadogo siku za kutoka. Mwanzo wa masika ni wakati mbaya wa kubisha mlango wa hoteli, na mzuri wa kutembelea dobi, fundi cherehani, viwanja vya kuchongea na maduka ya mjini, halafu kurudi hotelini kabla ya msongamano wa Julai na wa Desemba.

Kuna kazi za kuepuka?

Kinachoamua ni dawa na ugonjwa wa mtu, lakini haya yanajirudia:

Ulinzi wa usiku. Ndiyo kazi wagonjwa wanayopewa mara nyingi, kwa dhana kwamba ni ya kukaa tu. Kwa mwenye baipola ni hatari: usingizi ukivurugika siku chache, wazimu wa furaha waweza kuamka. Akiichukua, iwe zamu isiyobadilika, si wiki hii usiku wiki ijayo mchana.

Kugema. Dawa kadhaa hushusha presha mtu anapoinuka, na kizunguzungu juu ya mnazi hakina msamaha. Vivyo hivyo bodaboda na ngazi za ujenzi katika wiki za kwanza za dawa mpya au kipimo kipya.

Jua la ufukweni kwa anayetumia chlorpromazine. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi. Kofia pana na mikono mirefu, au kazi ya kivulini.

Kazi ya jasho jingi kwa anayetumia lithium, dawa ya baipola. Maji yakipungua mwilini, dawa hupanda kwenye damu. Wabebaji mizigo wakiumwa mgongo hununua ibuprofen au diclofenac dukani, na hizo pia huipandisha. Mikono ikitetemeka sana, akitapika, akiyumba au ulimi ukawa mzito, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Mwajiri aambiwe?

Mwenye maradhi ndiye mwenye siri, na ndiye anayeamua. Njia ni tatu: kutosema kitu, kusema kidogo, kusema yote. Iliyo rahisi kuishi nayo kwa wengi ni ya katikati: "Nina maradhi ninayotumia dawa. Kila mwezi nahitaji siku moja ya kliniki, na nikipewa kazi nyingi naomba niandikiwe." Haitaji jina la ugonjwa, na inataja kinachohitajika.

Lakini Malindi ni mji wa kujuana. Huenda tajiri alishasikia kutoka kwa shemeji yake, tena kwa jina baya. Hapo kunyamaza kunamwachia yeye kukisia, na ni afadhali asikie kwako. Chochote mtakachoamua, kiandikwe: nani ataambiwa, maneno gani, lini. Mshauri asimpigie mwajiri simu hata mara moja kabla ya ruhusa hiyo.

Sheria inampa nini mfanyakazi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Inampa pia, baada ya miezi 2 mfululizo ya kazi, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Wengi hupoteza haki hii kwa kutoleta cheti tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003.

Kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kunaanzia kwenye tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali. Aliyeandikishwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Kwa kibarua wa shilingi 500 kwa siku msamaha huo haubadilishi kitu. Cheti cha kuandikishwa kinaweza kufaa kwa mengine.

Kaya inayopokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya, kwa ajili ya ulemavu mkubwa iulize afisa wa ustawi wa jamii kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Uvumi kwamba anayeanza kazi hukatiwa pesa hizi umewazuia watu nyumbani kuliko sheria yenyewe.

Tunamtibu pia kwa maalim, au kwa mganga. Tuache?

Kisomo hakigongani na kidonge, na anayetulizwa na dua asinyimwe dua. Shida ni mambo matatu: kuambiwa aache dawa, kufungwa au kupigwa, na makombe au dawa za mitishamba zisizotajwa kliniki. Maalim wengi, wakielezwa kwa heshima, hukubali kumwambia mgonjwa "soma na umeze dawa". Neno lao lina uzito kuliko letu.

Na Ramadhani?

Nendeni kliniki wiki 2 kabla, na mwulize kama afya yake inamruhusu kufunga. Dawa ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari kirahisi. Ya mara mbili hugawanywa futari na daku kwa kauli ya daktari. Anayetumia lithium asifunge kabla ya kuongea na daktari, hasa akiwa na kazi ya juani. Mazoezi yasogezwe baada ya tarawehe au yapunguzwe hadi kikao kimoja kwa wiki. Mwenye baipola alindiwe saa zake za kulala, daku au hakuna daku.

Mshahara ushikwe na nani?

Na aliyeufanyia kazi. Mama au kaka anayechukua M-Pesa nzima "kwa usalama" anamfundisha kwamba kazi haina faida, na mwezi wa tatu hataamka. Kama hofu ni kwamba akipandwa na wazimu wa furaha ataumaliza kwa siku mbili, kubalianeni akiwa mzima: sehemu ya chakula cha nyumba, sehemu yake mkononi, na sehemu iliyofungiwa kwenye akiba isiyotolewa kabla ya tarehe. PIN ibaki yake.

Akianza kubadilika akiwa kazini?

Kila mtu ana dalili zake za mwanzo, na kwa kawaida ni zilezile. Ziandikeni tatu akiwa mzima: halali usiku mbili mfululizo, anaacha kuoga, anaanza kuwashuku wa jikoni. Pembeni andikeni nani atapigiwa simu kwanza. Karatasi ikae kwake, kwa mtu mmoja wa nyumbani na, akiruhusu, kwa msimamizi mmoja. Siku tatu za mapumziko na kliniki mapema huokoa kazi ambayo wiki tatu za kungoja zingeipoteza. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali.

Akiachishwa kazi, mshauri amwendee mwajiri kuuliza hasa kilichotokea, kama mhusika ameruhusu. "Hakuweza" si jibu. Alichelewa? Alisahau? Aligombana? Kuchelewa kunatengenezwa kwa saa ya dawa, kusahau kwa zoezi, ugomvi kwa mahali pengine pa kazi. Kutafuta kazi ya pili kuanze wiki hiyohiyo.

Msaada uendelee mpaka lini?

Wiki ya kwanza ya kazi, onaneni siku ya kabla ya kuanza na siku mbili tatu ndani yake. Kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, na baada ya hapo kadiri anavyotaka mwenyewe. Ratiba hiyo ianze upya kila msimamizi anapobadilika au zamu inapohamishwa, kwa sababu kazi imara ya miezi 8 mara nyingi huanguka wiki ile meneja mpya anapoiondoa orodha ya picha nyuma ya mlango bila kujua ilikuwa ya nani.